Mama Mdogo wa Watu Wote

Katika bafu la umma la Mwezi Mpevu, mjini Gunsan, hakuna mteja aliyejua jina la Jeomsun, wala hakuna aliyelihitaji. Aliitwa mama mdogo. Ndivyo tunavyowaita huku kwetu wanawake wote wanaotuhudumia: anayetuletea supu mezani ni mama mdogo, anayetuuzia samaki ni mama mdogo, na yule anayekulaza uchi juu ya meza, akavaa glovu yake ya kijani inayokwaruza, akakutoa nongo ya msimu mzima, huyo ni mama mdogo kuliko wote. Neno ni tamu na halina gharama. Ukishamwita mtu hivyo, huna haja ya kumuuliza anaishi wapi.

Jeomsun hakulalamika. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, vidole vimekunjamana kwa maji kuanzia asubuhi hadi jioni. Kazini alivaa sare ya wote wa kazi yake, yaani sidiria nyeusi na chupi nyeusi, na alipotaka mteja ageuke hakupoteza maneno. Alimpiga makofi mawili mgongoni, pa, pa, na hata mke wa meya angegeuka.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Daseul. Baba wa mtoto alikwenda Busan kutafuta kazi melini, na kazi akaipata, na pengine mke mwingine pia, maana habari zake ziliishia huko. Basi mtoto akakulia bafuni. Akitoka shule alikaa chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, chenye sakafu ya joto, akiandika kazi zake katikati ya marundo ya taulo.

Alipokuwa na miaka kumi alirudi siku moja amejikwaruza shingo mpaka damu. Wenzake darasani walikuwa wamemzunguka wakimwimbia, "Mtoto wa mtoa nongo! Tuonyeshe shingo, mama yako amekusahau!" Jeomsun alimpaka dawa. Hakulia, wala hakwenda shuleni kugombana na mtu. Alimhamishia shule ya upande wa pili wa mji, kisha akamkalisha kati ya taulo akamtungia sheria.

"Kuanzia leo, humu ndani mimi ni mama mdogo. Umesikia?"

"Lakini wewe ni mama."

"Nyumbani. Hapa niite kama watu wanavyoniita."

Mtoto alitii, na akatii vizuri mno. Kwa miaka minane alisukuma ule mlango wa kioo na kuita, "Mama mdogo, nimefika!" hadi wateja wakaamini kwamba ni mtoto wa dada yake Jeomsun. Mama Gwak, mteja wa kila Alhamisi ambaye binti yake alisoma darasa moja na Daseul, aliwahi kusema akiwa amelala kifudifudi:

"Mama mdogo, huyu mpwa wako ana adabu. Mama yake yuko wapi?"

"Mama yake ana kazi nyingi," Jeomsun alijibu, akampiga makofi mawili ageuke.

Kitabu kiliingia katika habari hii kama vitu vyote vilivyoingia pale bafuni: mtu alikisahau. Kilikuwa riwaya nene, *Shamba la Chumvi la Akina Bae*, ya dada watatu walioachiwa shamba moja. Mteja hakurudi kukidai. Jeomsun alikitamani, lakini mikono yake haikukauka hata wakati wa kula, na kila ukurasa alioshika ulivimba. Basi Daseul akawa anamsomea kwa sauti wakati wa chakula cha mchana cha Jumamosi, yeye mama akitafuna figili na kuuliza maswali. Wateja waliopita na mayai yao ya kuchemsha walisimama kusikiliza. Wengine walimtuma mtu aseme, "Mwambie huyo binti asiendelee, bado najisuuza!"

Sura ya mwisho hawakuisoma. Mvuke ulikuwa umezigandisha kurasa zake zikawa kitu kimoja, na walipojaribu kuzibandua zilichanika. Wiki nzima walibishana juu ya dada wa tatu, aliyeondoka na kutorudi. Kisha Jeomsun akasahau, kwa sababu alikuwa na watu wa kusugua.

Daseul hakusahau.

Mwaka wake wa mwisho wa sekondari, mwezi wa Septemba, aliomba nafasi ya kusoma fasihi katika chuo kikuu kimoja cha Seoul ambacho watu wa Gunsan hukitaja kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja ugonjwa au bahati kubwa. Fomu ya chuo hicho ilitaka mwombaji ataje vitabu vitatu alivyosoma na aeleze kila kimoja kilimfanyia nini. Wazazi wenye uwezo walilipa washauri wa kuwachagulia watoto wao vitabu vya kutaja. Daseul alikuwa na Mwalimu Pyo, mwalimu wa darasa, mwanamume mwenye macho mekundu ambaye kila Septemba alisoma fomu za wanafunzi wake kana kwamba ni za wanawe.

Siku ya mwisho ya maombi, alasiri ikielekea jioni, simu ya bafuni ililia. Mwalimu Pyo alikuwa akimtafuta mama wa Daseul.

"Mama Daseul, njoo shuleni sasa hivi. Fomu inafungwa saa kumi na mbili."

"Amefanya nini?"

"Njoo tu."

Jeomsun alimwacha mteja nusu amesuguliwa nusu bado. Alifika ofisi ya walimu nywele zinadondosha maji, ananuka sabuni, akainama mbele ya kila mwalimu aliyempita, pamoja na fundi aliyekuwa amekuja kutengeneza mashine ya kunakili. Daseul alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya Mwalimu Pyo, mikono mapajani, uso umefungwa.

Mwalimu alimpa Jeomsun karatasi. "Soma kitabu cha tatu."

Vitabu viwili vya kwanza vilikuwa vya kupendeza macho ya maprofesa, kimoja cha haki na kingine cha lugha. Cha tatu kilikuwa *Shamba la Chumvi la Akina Bae*. Chini yake mwanawe aliandika hivi:

"Kitabu hiki nilikisoma katika bafu la umma, kwa sauti, kwa sababu mama mdogo anayefanya kazi pale alikuwa na mikono iliyolowa siku zote na hakuweza kufunua kurasa. Mvuke uligandisha sura ya mwisho, hivyo hatukujua mwisho wake. Mimi nilisema dada wa tatu hakurudi kwa sababu ya hasira. Mama mdogo alisema, 'Mwenye hasira hurudi, angalau agombane. Asiyerudi ana aibu.' Tangu siku hiyo, nikisoma kitabu chochote, kwanza namtafuta mtu ambaye hayupo, na najiuliza anaona aibu gani."

Jeomsun alisoma mara mbili. Hakukumbuka kabisa kusema maneno hayo. Pengine aliyasema na figili mdomoni. Alihisi masikio yanawaka moto, na kwa kuwa hakujua afanye nini na furaha iliyokuja wakati mbaya namna hiyo, akauliza swali.

"Kosa liko wapi, Mwalimu?"

Sasa hapa sheria inabidi isemwe, na ilikuwa sheria nzuri. Watoto wa majaji na madaktari walizoea kupenyeza vyeo vya wazazi wao katika fomu, na maprofesa, ambao nao ni binadamu, walizoea kuviona. Ikatangazwa basi: atakayetaja kazi ya mzazi au ya ndugu yake, kwenye fomu au kwenye mahojiano, fomu yake inatupwa. Mtego aliotegewa mtoto wa jaji ukangoja, na aliyekuja kuukanyaga ni mtoto wa mtoa nongo.

"Jana alikuwa ameandika 'mama yangu'," Mwalimu Pyo alisema. "Nilimwambia aondoe. Akamwondoa mama, akaweka mama mdogo, kisha asubuhi akatuma bila kunionyesha."

"Nimefanya ulivyosema, Mwalimu," Daseul alisema.

"Nilisema uondoe mtu, sikusema umpunguze! Mama Daseul, sheria inasema wazazi na ndugu. Mama mdogo ni dada wa mama. Ni ndugu!"

"Lakini huyu si mama mdogo wa kweli," Jeomsun alisema. "Pale kila mtu ananiita hivyo."

"Mimi najua, na wewe unajua. Anayesoma fomu Seoul atajuaje ni mama mdogo yupi? Ana maelfu ya fomu. Akiona neno la undugu na neno la kazi katika sentensi moja, anaweka kando, anachukua nyingine." Alifuta paji la uso. "Fomu iliyotumwa inaruhusiwa kusahihishwa mara moja tu. Nimemwambia aandike 'mwanamke mmoja'. Au abadilishe kitabu kabisa. Amekataa. Nimeongea tangu saa tano, nimechoka."

Saa ya ukutani ilikuwa imepita kumi na moja na nusu. Jeomsun aliisogelea kompyuta.

"Andika 'mwanamke mmoja'."

"Sitaki."

"Daseul."

"Mama, mwanamke mmoja ni nani? Ni mtu niliyempita njiani?"

"Ni mimi. Mimi najua ni mimi. Inatosha."

"Hainitoshi mimi." Sauti ya binti ilipanda, na walimu wa meza za jirani wakaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika. "Uliniambia nisikuite mama, nikakuita mama mdogo. Miaka minane. Wanafunzi wenzangu wanakuja pale kuoga, nakuita mama mdogo. Niliumwa nikazimia pale sakafuni, nilipozinduka nikakuita mama mdogo. Unakumbuka? Sasa hata hilo nalo nilifute?"

Jeomsun alikumbuka. Alikumbuka pia kwamba siku ile alimsifu.

Angeweza kumkumbatia. Angeweza kumwambia kwamba maneno yale ya kwenye fomu yalikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kupewa. Lakini alikuwa mwanamke wa kazi na saa ilikuwa inakwenda, akachukua njia aliyoizoea, ya kusugua kwa nguvu.

"Nimewasugua migongo wanawake wa mji huu ili uandike jina langu kwenye karatasi, ukose chuo? Hiyo ndiyo shukrani? Andika, au mimi nitaandika kwa vidole hivi vilivyolowa niharibu mashine ya Mwalimu!"

Daseul aliandika. Aliandika huku machozi yanadondoka kwenye vitufe. Kila palipokuwa na mama mdogo akaweka mwanamke mmoja, na alipomaliza zilikuwa zimebaki dakika chache. Mwalimu Pyo alisoma, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Tuma."

Akabonyeza. Kigurudumu kidogo kikaanza kuzunguka katikati ya kioo.

Nchi nzima ilikuwa ikituma kwa wakati ule. Watoto wa Daegu, wa Jeju, wa Seoul kwenyewe, kila mmoja na neno lake moja la mwisho la kubadilisha. Kigurudumu kilizunguka. Mwalimu Pyo alishika kichwa. Mwalimu wa hesabu alikuja akasimama nyuma yao, akasema wasiguse kitu, halafu akasema waguse. Jeomsun alijikuta anaomba, yeye ambaye hakuwa na dini, akiielekezea sala yake ile mashine.

Kisha maandishi yakatokea: muda wa kusahihisha umekwisha.

Saa ilikuwa kumi na mbili na kidogo. Fomu iliyobaki Seoul ni ile ya asubuhi, na mama mdogo alikuwa ndani yake, amekaa na glovu yake ya kijani mbele ya maprofesa wote.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Jeomsun alisugua watu kama anayesugua sufuria iliyoungua. Mama Gwak alipiga kelele mezani, "Mama mdogo, unanitoa nongo au unanichuna ngozi?" Nyumbani mama na mwana walisemezana mambo ya mchele na sabuni tu. Siku ya kuzaliwa ya Daseul ikafika, na Jeomsun hakumpikia supu ya mwani ambayo kila mtoto wa kwetu hupikiwa siku hiyo, maana mwani unateleza, na mwenye mtihani akiula atateleza naye. Walikula tambi.

Halafu, mwanzoni mwa Novemba, jina la Daseul likatokea kwenye orodha ya walioitwa kwenye mahojiano. Jeomsun alikaa sakafuni kwa furaha. Mwalimu Pyo, yeye, alipiga simu jioni hiyohiyo na hakuonyesha furaha yoyote.

"Hawakuitupa, lakini hawajaipitisha pia. Lazima watamuuliza huyo mama mdogo ni nani. Akisema ni ndugu, au akisema ni mama yake, mambo yamekwisha palepale. Amesikia? Aseme si ndugu yake."

"Nitamfundisha," Jeomsun alisema.

Bafu hufungwa kila Jumanne. Jumanne iliyofuata, baada ya shule, Jeomsun aliweka meza ndogo katikati ya chumba, akavaa koti lake la kuendea harusi, akakaa upande mmoja miguu imekunjwa. Mwanawe akakaa upande wa pili. Jua la alasiri lilikuwa linaingia dirishani na nguo za jirani zilikuwa zikipepea nje. Jeomsun alijaribu kuifanya sauti yake iwe ya profesa. Ilitoka kama ya polisi.

"Mwombaji, hiki kitabu cha tatu. Huyu mama mdogo ni nani kwako?"

Daseul alimtazama. "Ni mtu anayefanya kazi bafuni."

"Ni ndugu yako?"

Daseul aliinamia meza.

"Jibu. Profesa hatangoja."

"Si... Mama, siwezi kukuangalia nikasema."

"Niangalie. Wao watakuwa wanakuangalia. Ukiinamisha macho watajua unadanganya. Ni ndugu yako?"

"Si ndugu yangu."

"Sauti inatetemeka. Tena. Ni ndugu yako?"

"Si ndugu yangu."

"Tena."

"Si ndugu yangu!"

"Usipige kelele, hujagombana naye. Huyu ni mtu baki. Sema kama unavyosema habari ya mtu baki. Tena."

Walirudia mpaka jua likahama mezani. Mwishowe Daseul aliyasema yale maneno kwa utulivu, uso umekunjuka, macho hayapepesi, na yalitoka laini kabisa. Alikuwa amepata alichokitaka. Alikwenda jikoni akafungua bomba, akaosha bakuli ambalo lilikuwa safi, na akaliosha tena.

Wahenga wa Kiswahili wanasema mwosha naye huoshwa. Hawakusema maji yatakuwa ya moto kiasi gani.

Siku ya mahojiano walipanda treni alfajiri. Jeomsun alimenya machenza njia nzima na Daseul hakula hata moja. Kwenye lango la chuo akina mama walikuwa wamesimama kwa mafungu, wengine na rozari za Kibuddha, wengine na Biblia, na mmoja alikuwa akibandika peremende ya kunata ukutani ili mwanawe naye anate chuoni. Mlinzi alikuwa akiibandua kwa kisu kwa upole, kama mtu aliyezoea. Daseul aliingia bila kugeuka nyuma.

Jeomsun alingoja. Aliificha mikono mifukoni, maana aliona akina mama wa Seoul wana vidole vikavu. Mmoja alimuuliza, kwa adabu, mwanawe anaomba kusoma nini. Akasema fasihi. Akaulizwa yeye anafanya kazi gani. Jeomsun akasikia mdomo wake unasema, "Nina biashara ndogo," na akaona kumbe yeye ndiye mwalimu wa kukana, mwanafunzi wake yuko ndani.

Daseul alitoka adhuhuri, uso mweupe. Jeomsun alimvuta pembeni.

"Waliuliza?"

"Waliuliza. Walikuwa watatu. Wa katikati alikuwa mwanamke mzee. Alisoma ile sehemu yote kwa sauti, kisha akavua miwani akauliza, 'Huyu mama mdogo ni ndugu yako?'"

"Ukasema?"

"Nilisema kama ulivyonifundisha."

"Hukutetemeka?"

"Sikutetemeka."

"Vizuri," Jeomsun alisema. Alitaka kusema zaidi, likaja neno lilelile. "Vizuri."

Walitembea hadi kituoni. Treni ilipokuwa imeuacha mji, Daseul alisema, akiangalia dirishani, "Yule mzee aliniambia, 'Una bahati. Wengi hawana mtu wa namna hiyo hata miongoni mwa ndugu zao.' Nikamshukuru. Niliinamisha kichwa, nikamshukuru."

Halafu akalia, kilio cha mtoto mdogo, pua na vyote, na abiria wa upande wa pili akajifanya amelala. Jeomsun alimshika mkono. Aliona aibu, na safari hii hakuwa na hasira ya kuifunikia. Ilimjia kwamba ile sheria ya chuo ilikuwa na miaka michache tu, lakini ile ya kati ya taulo ilikuwa na miaka minane, na aliyeitunga ni yeye.

Hakumwambia. Alimenya chenza jingine, na hilo Daseul alilila.

Majibu yalikuwa yatoke siku moja ya Desemba, Alhamisi, saa kumi jioni. Jeomsun aliomba kazi ya ziada siku hiyo ili asikae karibu na simu. Bafu lilijaa, kama kawaida ya baridi. Mama Gwak alikuja pia, kwa sababu binti yake naye alikuwa akingoja majibu ya chuo kingine, na yeye alisema heri achunwe ngozi kuliko kukaa nyumbani akimwangalia mtoto anatembea ukumbini.

"Mpwa wako naye anangoja leo?" aliuliza akipanda mezani.

"Anangoja."

"Maskini. Na mama yake bado ana kazi nyingi tu?"

Jeomsun alivaa glovu. Alianza na miguu. Saa ya ukutani ilikuwa imefunikwa na mvuke na hakuweza kuisoma, akashukuru. Alipanda hadi magotini, mapajani, kiunoni. Alikuwa anahesabu pumzi zake mwenyewe. Aliona vizuri kabisa namna itakavyokuwa: mtoto ataingia taratibu, atavua nguo kama wengine, atakuja kusimama pembeni na kusema chini kwa chini, mama mdogo, nimekosa. Na yeye atasema, basi, kaoge. Hata kumkumbatia asingeweza.

Mlango wa kioo ulifunguka kwa kishindo.

Daseul alikuwa amesimama kwenye mvuke na koti na sare ya shule, begi mgongoni, soksi zimelowa chapachapa. Mle hakuna anayeingia na nguo. Bibi mmoja aliyekuwa kwenye maji ya moto alimkemea, "We mtoto! Vua au toka!"

"Mama!"

Kila mwanamke aligeuka. Waliokaa kwenye vigoda wakijisuuza, waliozama hadi shingo, aliyekuwa akimsuka mjukuu wake, wote, maana kila mmoja mle ndani alikuwa na mtu anayemwita hivyo. Jeomsun naye aligeuka. Kisha akaangalia nyuma yake, aone anayeitwa ni nani.

Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

"Mama, nimepata!"

Mkono wa Jeomsun, ule wenye glovu, ulipanda wenyewe hadi mdomoni kumwashiria anyamaze. Ilikuwa mazoea tu. Daseul aliona, akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema, na sauti yake ikagonga vigae vyote. "Nilishasema mara moja kwamba si ndugu yangu. Sitasema tena. Mama, nimechaguliwa. Nakwenda Seoul."

Akamfuata hivyohivyo na koti lake, akamkumbatia pale alipo, amelowa, na povu, na nongo za watu. Jeomsun alisimama mikono hewani asije akamchafua. Kisha akaona upuuzi wake, akaishusha, akamshika mtoto kwa nguvu zote za kazi yake.

Mezani, Mama Gwak alikuwa amejiinua kwa kiwiko, povu linamchuruzika begani.

"Mama mdogo," alisema polepole. "Huyu si mpwa wako?"

Jeomsun hakumwachia mtoto.

"Ni mwanangu," alisema. Hakuwahi kulisema neno hilo katika chumba kile, akalisema tena alisikie vizuri. "Mwanangu wa kumzaa."

"Loo! Na miaka yote hii nakuuliza mama yake yuko wapi!"

"Na mimi nilikujibu," Jeomsun alisema, akijifuta macho kwa mkono usio na glovu. "Nilikwambia ana kazi nyingi."

Akampiga makofi mawili mgongoni, pa, pa, na Mama Gwak akageuka.